Baiskeli ya lami na mchanga: ipi ununue Mtwara na Lindi

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 za lami. Kunja kona kuingia mtaani, au shika njia ya Msimbati, na mchanga unaanza kumeza tairi. Panda uwanda wa Makonde, Tandahimba hadi Newala, na udongo mwekundu unakuwa vumbi kiangazi, tope masika. Baiskeli moja ipite kote huko, na fundi wa karibu awe na vipuri vyake. Hilo la mwisho ndilo wanunuzi wengi husahau, nalo ndilo lililotuongoza katika kupanga orodha hii.

1. Baiskeli ya mlima ya mtumba, inchi 26, foku ngumu

Tafuta zile za zamani zenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya chuma isiyo na shokapu. Zina mambo machache ya kuharibika, zina matundu ya skrubu ya kufungia keria na madigadi, na tyubu za inchi 26 ni rahisi kupata kuliko za saizi nyingine za baiskeli za gia. Gia zake ni nyepesi: meno 22 mbele na 34 nyuma yatakupandisha kilima cha Mtanda pale Lindi ukiwa na mzigo, bila kushuka kukokota.

Tatizo lake ni matairi yenye vinundu vikubwa. Kwenye lami yanavuma na kula nguvu zako bure. Yavue, weka matairi laini au yenye vinundu vidogo katikati, upana wa inchi 1.75 hadi 2. Wengi huogopa kwamba mchangani yatakwama. Mchanga mkavu haujali vinundu. Kinachokubeba ni upana wa tairi na upepo mdogo. Vinundu ni vya tope. Kwenye lami jaza psi (kipimo cha upepo) 40 hadi 50, ukiingia mchangani shusha hadi 25 hivi, na ukirudi barabarani jaza tena, maana tairi legevu kwenye shimo la lami hubana tyubu na kuitoboa matundu mawili pamoja.

2. Haibridi, ila iwe na nafasi ya tairi pana

Haibridi, yaani chotara wa baiskeli ya mlima na ya barabara, ina magurudumu makubwa, usukani ulionyooka na fremu nyepesi. Kama safari zako nane kati ya kumi ni za lami, ipandishe iwe namba moja: inakwenda mbali zaidi kwa jasho lile lile. Lakini nyingi huja na tairi za milimita 32 au 35, na hizo mchangani huzama kama kisu. Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya miguu ya foku, na nyuma karibu na pedeli. Unataka tairi ya milimita 42 iingie na bado ibaki nafasi ya kidole kila upande, la sivyo tope la Newala litaganda humo na gurudumu litagoma.

Gia zake ni nzito kidogo. Meno 28 mbele na 32 nyuma yanatosha kwa mjini. Kwa miinuko ya kupanda uwanda wa Makonde ukiwa na mzigo utaumia magoti.

Sasa mtego mkubwa, ambao huwapata hata mafundi. Tairi ya Phoenix, ile baiskeli nzito ya mizigo isiyo na gia, huandikwa inchi 28, na tairi za haibridi nazo mara nyingi huandikwa 28, lakini hazibadilishani. Ya Phoenix ya 28 x 1½ imetengenezwa kwa rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya haibridi ni 622. Hivyo hivyo kwa inchi 26: baiskeli ya mlima ni 559, lakini baiskeli za kijapani za kina mama zenye 26 x 1⅜ ni 590. Usisome inchi. Soma namba mbili zilizochongwa ubavuni mwa tairi, mfano 42-622 au 50-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ndiyo lazima ifanane na rimu yako. Baiskeli za mlima za inchi 29 nazo ni 622, kwa hiyo duka likikosa tairi ya haibridi, uliza ya 29 iliyo nyembamba.

Tazama pia valvu. Haibridi nyingi zina valvu nyembamba yenye kijikofia cha kulegeza, na pampu ya kijiweni haiishiki. Nunua kichwa cha shaba cha kubadilishia, kisha kiache kwenye valvu daima. Fundi akitaka kutoboa rimu ili iingie valvu nene ya aina ya pikipiki, mkatalie kama rimu ni nyembamba. Inadhoofika hapo hapo.

3. Phoenix

Kwa kubeba gunia la korosho kutoka shambani, hakuna ya kuishinda. Kwa anayetaka mwendo, ni nzito, haina gia, na breki zake za vyuma hupungua nguvu zikilowa.

4. Mpya inayong'aa, shokapu mbele na nyuma

Iache. Ile ya bei nafuu ina uzito wa kilo 17 na kuendelea, shokapu ya nyuma inakunywa nguvu kila ukikanyaga, na bushi zake zikilika fremu inacheza kama kitanda kibovu. Keria haina pa kushika. Watoto huipenda, hilo tunakubali.

Ukishachagua aina, kagua hiyo uliyoishika mkononi. Chomoa bomba la siti. Kwa hewa yetu ya chumvi, bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma huganda kabisa. Likikataa kutoka, achana nayo hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Papasa chini ya fremu karibu na shingo: rangi iliyojikunja au ufa maana yake iligonga kitu. Pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu pale pedi za breki zinaposhika. Kama umeingia ndani kama kijiko, mchanga umeshaula na siku moja utapasuka kwa upepo. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Mgongano mdogo unaousikia shingoni ni beringi iliyolegea au kulika.

Cheni ipime kwa rula. Viungo 12 kamili (kila kimoja ni kipande cha ndani na cha nje pamoja), pini hadi pini, ni inchi 12. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badili cheni peke yake. Ikizidi kwa ⅛, umechelewa, utanunua na meno ya nyuma. Chagua yenye gia 7 au 8 nyuma, kwa sababu zinatumia cheni ya upana mmoja ambayo si ya kutafutwa hadi Dar es Salaam. Breki za mafuta zikwepe, ni wachache wenye vifaa vya kuzitoa hewa. Za waya zinatosha.

Weka akiba ya cheni, waya nne, pedi jozi mbili na tyubu mbili siku ile ile ya kununua. Kabla ya kurudisha bomba la siti, lipake grisi, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Cheni usiipake oili chafu ya injini: inashika mchanga, na mchanga ndio unaoisaga. Tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, subiri kidogo, kisha futa kwa kitambaa hadi ikauke kwa nje.