Niliagiza bodi ya kusimamia puani, nikapewa mkia wa bodi nyingine

Jamani hii nimeikalia muda, nilisema hasira zishuke kwanza ndo niandike, hazijashuka.

Niliagiza longibodi ya kizamani, ule ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, kwa fundi mmoja anayesifiwa sana, na nilimwambia wazi kabisa nataka ya kusimamia puani, yaani ncha ya mbele ya bodi, vidole vyote kumi vya miguu vining'inie mbele, sio bodi ya kufanyia kila kitu. Mkia tukauongea kwa kirefu: uwe mpana, uwe umekunjwa juu kidogo kuelekea mwisho, na kingo zake ziwe za mviringo hadi nyuma kabisa. Nikamchorea na karatasi, akaibandika ukutani.

Bodi ikaja. Kwa macho nzuri mno, faibaglasi nzito imelazwa safi, ule mstari wa mbao katikati umenyooka, bonde la chini ya pua limechongwa na mtu anayejua anachofanya. Nikaigeuza nione mkia. Bapa kabisa, na kingo za nyuma zimekatwa kona kali kama bodi fupi!

Kwa nini nimewaka: watu wengi wanadhani pua ndo inakubeba. Inasaidia, lile bonde linapata msukumo wa maji, ila kinachokushikilia kule mbele hasa ni mkia. Maji ya wimbi yanapanda, yanauzunguka ule ukingo wa mviringo, yanapita juu ya mkia na kuukandamiza chini, na ule mkunjo unazidi kuuzamisha ndani ya wimbi, ndo unaweza kusimama mbele kabisa bodi isipige mbizi. Kona kali kazi yake ni kinyume, inayakata maji yaachie haraka. Kwenye bodi ya kasi ni sawa. Mimi kila nikifika puani mkia unachomoka, pezi la chini ya mkia linapoteza maji, nyuma inateleza pembeni na safari imeisha hapo.

Nikamrudishia. Salamu yenyewe aliitikia kwa shida. Akautazama mkia kidogo tu, akasema "bodi haina shida, jifunze kutembea juu ya bodi kwanza." Mbele za wateja wengine! Nikamwambia fundi, mchoro wangu ule pale ukutani. Hata hakugeuka, akaanza kunisomesha habari za Nat Young, yule Mwaustralia, alivyochukua ubingwa wa dunia wa kuteleza mawimbini kule San Diego, Marekani, mwaka 1966 na bodi nyembamba ya kukata kona, akawaacha wakaa puani, eti mambo yalishasonga. Hayo nayajua. Na mwaka mmoja tu kabla, 1965, Tom Morey, mtengeneza bodi wa Marekani, aliandaa mashindano kule Ventura, California, ya kupima kwa saa nani anakaa puani muda mrefu zaidi, na mafundi wa wakati ule waliumiza vichwa kweli kutafuta mkia unaoshika wimbi. Mimi niliagiza hiyo, ningetaka ya Nat Young ningeiomba.

Sasa hapa ndo sielewi niseme nini, maana kwa kukata kona hii bodi ni tamu balaa. Inageuka vizuri kuliko longibodi yoyote niliyowahi kupanda, na ile glasi sijaona ufa wala kiputo. Nilikuja niandike msimpe kazi, lakini mtu anayetaka longibodi ya kawaida ampe tu, mkono anao. Hapana, bado ngoja. Mtu anayeangalia mchoro wa mteja halafu anachonga anachotaka yeye, kisha anakutukana miguu, huyo kesho atakufanyia hivyo hivyo kwenye pezi au pua. Kama lazima uende kwake, omba uushike mkia kabla hajalaza glasi, wakati bado ni foamu, lile povu gumu la ndani, maana glasi ikishakauka kona ile huisagi kwa msasa bila kula glasi yote mpaka ndani.

Nimemwandikia aondoe glasi ya nyuma, ajenge upya ukingo, gharama nachangia. Meseji naona ameisoma, kimya.