Mtungi wa agoni ulioniharibia kazi ya titani

Si kawaida yangu kumharibia mtu biashara, lakini duka hili la gesi la Gerezani limenikera kiasi kwamba kunyamaza siwezi.

Mteja aliniletea bomba la moshi la pikipiki kubwa, la titani (metali nyepesi na ngumu), limepasuka kwenye kiungo. Titani haitaki mchezo. Ikipata joto kali inavuta oksijeni na naitrojeni ya hewani, na inaendelea kuvuta hata ukishaondoa tochi, mpaka ipoe chini ya nyuzi 430 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo niliziba ncha za bomba nikajaza agoni ndani, gesi ya kuzuia hewa isiguse titani, nikavalisha tochi kofia pana, na nyuma yake nikafunga kiboksi cha kupulizia gesi sehemu iliyokwisha kuchomelewa. Nilikuwa nimeshafuta kila kitu kwa asetoni. Majaribio yalitoka rangi ya fedha, safi kabisa.

Katikati ya kazi gesi ikaisha, nikafunga mtungi niliotoka kuubadilisha kwao. Tochi ileile, mpira uleule, waya uleule. Mshono ukaja wa bluu, dalili kwamba hewa imeingia. Kipande kidogo mbele ukawa kijivu, na juu yake ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole. Nikapaka maji ya sabuni kwenye regyuleta na kila kiungo cha mpira, hakuna povu, yaani havuji popote. Nikachomelea kipande cha majaribio, nikakibana kwenye jiliwa na kukipinda. Kikakatika kama biskuti.

Nikaenda nacho dukani. Mwenye kaunta hata kukishika hakukishika.

"Fundi, gesi ni gesi. Wenzako wanachomelea mageti kila siku hawalalamiki."

Mageti! Nikamwambia, kaka, hii ni titani, inataka agoni safi kwa asilimia 99.99 na zaidi, hebu nionyeshe lebo ya huu mtungi. Lebo hakuna. Akanijibu mbele ya wateja: "Unataka gesi au unataka dawa ya hospitali?" Wakacheka. Kijana wao wa kupakia ndiye aliyenifuata nje kuniambia kwamba mitungi mingine inarudi tupu, valvu wazi, na inajazwa vilevile bila kunyonywa hewa kwanza. Kwa unyevu wa Dar, kama ni kweli, unajua mwenyewe kilichokuwemo ndani.

Haki yao niwape. Kwa stenlesi nimetumia gesi yao muda mrefu bila tatizo, na ukipiga simu mtungi unaletwa na bajaji hadi karakana. Kwa kazi za kawaida ningesema nendeni tu. Nilikuwa hata tayari kuwapa nyota tatu.

Lakini hapana. Stenlesi inavumilia uchafu kidogo, na wao wamejificha humo. Angesema tu "pole fundi, lete tuupime," ningerudi kwake kesho yake. Badala yake niliikata sehemu yote iliyogeuka kijivu, nikatengeneza kipande kipya, nikanunua agoni yenye lebo kwingine, na mshono ukarudi kuwa wa fedha. Mteja kachukua bomba lake. Gharama ya titani iliyoharibika nimebeba mimi, na pesa ya ule mtungi mpaka leo hawajanirudishia. Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana.