Nimeijaribu 6174, namba isiyokuachia utoke

Haya, karibuni tena mezani. Leo sina simu wala spika ya kufungua mbele yenu. Nina kalkuleta, daftari, na namba moja tu: elfu sita mia moja sabini na nne. Ni ya bure, kwa hiyo asiniulize mtu duka liko wapi.

Inatumika hivi. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi zisifanane zote. Na jamani, si namba ya siri ya M-Pesa halafu uje kuimwaga kwenye komenti! Mimi nachukua 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Panga kuanzia kubwa: 9611. Igeuze: 1169. Toa, inabaki 8442. Tena: 8442 toa 2448, tunapata 5994. Sogeeni muone daftari: 5355, 1998, 8082, 8532, na hii hapa, 6174. Sasa panga hiyo yenyewe: 7641 toa 1467. 6174! Rudia mpaka kesho, hutoki.

Hapo nimetoa mara saba, na saba ndiyo mwisho, hakuna namba inayozidi. 1963 ya Wakenya ilifika kwa tano.

Sasa kasoro. Juzi nilijaribu 1112. 2111 toa 1112, 999. Nikatoa 999 kwa 999, sifuri. Nikafurahi kweli, nikajua nimeshaikamata. Kumbe kosa langu: ilitakiwa niandike 0999, sifuri ikae kwenye nafasi yake. 9990 toa 0999 ni 8991, na safari ikaendelea vizuri. Zinazoshindikana kweli ni 1111, 2222 na ndugu zao. Hizo zinakupa sifuri papo hapo.

Aliyeigundua, mwaka 1949, ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India. Mwalimu wa shule, nasisitiza.

Nikaifungua ndani. Ukishapanga tarakimu, jibu linategemea tofauti mbili tu: ya kubwa kabisa na ndogo kabisa, unazidisha kwa 999; na ya zile mbili za katikati, unazidisha kwa 90. Kwa 7641, saba toa moja ni sita, sita toa nne ni mbili. 5994 jumlisha 180. Mnaona? Kwa hiyo maelfu yote ya namba, ukitoa mara moja tu, yanabaki majibu 54. Hapo uchawi ulinipungua kidogo, siwafichi.

Tarakimu tatu zina 495, inafanya kazi ileile. Tano hazina kituo, zinazunguka tu.

Ila kilichonifanya niipende si huo mchezo. Jumlisha tarakimu zake: 6, 1, 7, 4, ni 18. Gawanya 6174 kwa 18, unapata 343, yaani saba mara saba mara saba. Halafu chukua 18, ongeza 18 mara 18, ongeza 18 mara 18 mara 18. Hesabuni wenyewe: 18, 324, 5832. Nilirudia mara mbili kwenye kalkuleta.

Kazini haitakusaidia kitu. Kwenye foleni ndefu, naipa tisa kwa kumi. Jaribuni mwaka wenu wa kuzaliwa mniandikie hatua ngapi. Wa 2000, mkitoa mara ya kwanza tu mnaangukia 1998, mmeshazeeka miaka miwili.