Datsun 240Z au Jaguar E-Type: uanze na ipi?

Ukitaka gari la michezo la zamani lenye viti viwili, boneti ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, utafika tu kwa hawa wawili, Mjapani na Mwingereza. E-Type nzuri ni ghali kuliko 240Z nzuri, tena kwa mbali, lakini hata bei zingelingana mpangilio wangu usingebadilika.

Ya kwanza: Datsun 240Z. Ilitoka mwishoni mwa 1969. Injini yake, L24 ya lita 2.4, ni ya ukoo mmoja na ile ya silinda nne ya Datsun 510, gari la kawaida la familia, kwa hiyo fundi aliyezoea kabureta haimpi shida. Na ni ngumu kweli: ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kwa mtu anayenunua gari aliendeshe, sioni cha kubishania.

Adui yake ni kutu. Chungulia chini ya betri, inua mazulia uone sakafu, kagua matao ya magurudumu ya nyuma, kisha pitisha sumaku kwenye bodi yote. Isiponasa, hapo pamejazwa puti. Injini iliyochoka usiiogope, inafufuliwa. Bodi iliyooza ndiyo itakayokufilisi. Ukisikia harufu ya moshi ndani, anza na mipira ya mlango wa nyuma.

Ya pili: Jaguar E-Type ya lita 4.2, ya 1964 hadi 1967. Kwa macho yangu hakuna gari zuri kuliko hili. Umbo lake ni kazi ya Malcolm Sayer, mtu aliyetokea kwenye viwanda vya ndege, na muundo wake unatokana na D-Type, gari la mashindano la Jaguar lililotwaa mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara tatu mfululizo, 1955 hadi 1957. Damu hiyo ya mashindano ina gharama. Breki za nyuma zimebanwa kwenye difu, mbali na magurudumu, hivyo kubadilisha pedi tu ni kazi ya jasho. Mabomba ya fremu ya mbele huoza kuanzia ndani, nje yaking'aa rangi mpya.

Nimechagua 4.2 kwa sababu gia namba moja inaingia bila kugoma, na viti na breki ni bora kuliko vya ile ya kwanza ya lita 3.8, ya 1961.

Ya tatu: E-Type V12, yenye silinda kumi na mbili badala ya sita, kuanzia 1971. Ni laini barabarani, ila lita 5.3 zinakunywa mafuta na kutoa joto jingi. Inunue ikiwa tu mfumo wa kupoza injini ni mzima kabisa.

Kwa E-Type yoyote, dai cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, watunza kumbukumbu za kiwanda, ulinganishe namba za chasisi, injini na giaboksi. Injini ikiwa si ile iliyotoka nayo kiwandani, bei lazima ishuke.