Boti ya abiria Amu – Mtangawanda: kama unaenda kuona watu wako, panda hii

Nianze na nauli manake hiyo ndo watu huuliza kwanza. Nililipa shilingi 500 kutoka Amu, yaani Lamu mjini, mpaka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, nikamtumia baharia kwa M-Pesa, tiketi hakuna na risiti usiulize. Spidi boti ya kukodi ingenifikisha mara moja lakini bei yake ni ya watalii na waheshimiwa wakati wa kampeni, na hata hizo pesa ningekuwa nazo nisingeipanda, nitasema kwa nini.

Mimi ni mtu wa Siyu, huko huko Pate. Tulihamia Malindi nikiwa bado shule ya msingi na tangu hapo kisiwa cha Pate nakisikia kwenye simu tu, fulani kaoa, fulani kafa, fulani yuko Arabuni. Sasa mwaka huu wenzangu kazini wanachanga pesa za kwenda Thailand, kutwa wanarushiana video za zile boti ndefu za kule, zenye mashine ya gari nyuma na vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye omo, yaani mbele, nami naangalia najiambia haya, boti tu hizo, si hata kwetu zipo na watu waliomo nawajua. Nikapanda basi Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, nikavuka Amu nikalala kwa shangazi.

Huduma yenyewe sasa. Niliambiwa saa tatu asubuhi niwe gatini, saa tatu nikawa pale na begi langu, tukang'oa nanga karibu na saa sita. Sababu ni mzigo, boti haitoki mpaka mzigo wote uingie na mzigo ni wa kila aina, simiti, magodoro, kreti za soda, mitungi ya gesi, mbuzi, halafu kuna mlango wa mbao umeviringwa blanketi tatu manake mwenyewe anaogopa nakshi zisikwaruzwe, na kila mtu akitaka kukaa anafokewa "si hapo! si hapo!" mpaka kikawa kichekesho. Kuchelewa naelewa, ni boti ya watu, lakini jamani mtu mmoja si aseme tu "dada, nenda kanywe chai tutakupigia". Jua la pale gatini si la mchezo na kivuli kimejaa wazee.

Kitu kilichoniudhi kweli ni maboya, yale ya kuvaa mtu asizame. Yapo, sisemi hayapo, lakini yalikuwa yamefungwa kamba kule tezi, nyuma ya boti, na juu yake magunia ya unga. Nilipomwuliza nahodha akacheka, "bahari leo shwari", akanitolea moja, na kina mama wenye watoto wakaona wakadai yao nao, ikabidi magunia yahamishwe. Kumbe inawezekana, basi iwe kawaida, hasa miezi ya kusi bahari ikichafuka. Choo pia hakuna, jipange.

Sasa kwa nini nisingepanda spidi boti. Hatujaingia hata Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mikoko huku na huku na kijana anafua maji ya ngama, yale yanayoingia chini ya boti, kwa jerikeni lililokatwa, bibi mmoja aliyekaa mkabala na mimi akaniangalia weee, akafungua buibui kidogo usoni, akauliza: "Wewe mwana wa nani?" Nikamtaja baba. Akanyamaza, akamtaja babu yangu, akamtaja na mke wa kwanza wa babu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa simjui, kisha akanipa mkono nikaubusu. Kutoka hapo sikupumua. Nikapewa mahamri na chai ya tangawizi kutoka kwenye thamosi yake, nikaelezwa nyumba gani imeanguka na nani kauza shamba la minazi kwa bei ya kutupa, nikalaumiwa sikuja kwenye mazishi ya mtu niliyedhani bado yu hai. Nikalia kidogo, naye akaniacha nilie huku akinijazia kikombe. Tulipotokea upande wa pili zikaonekana zile kreni za bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi 2021, nikasikia watu wakigombana kama imetuletea kazi au imetufukuzia samaki, lakini bibi hakugeuka hata kuangalia, alikuwa bado yuko kwenye ndoa ya binamu yangu.

Mzee mwingine naye akamshika mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa na simu muda wote, akamwambia weka hiyo, unajua ngome ya Siyu ilijengwa na nani? Mtoto akasema Waarabu. Mzee karibu aruke majini. Ngome ile ni ya watu wa Siyu wenyewe, Bwana Mataka aliyekuwa mkubwa wa mji na watu wake, na Sultani Seyyid Said wa Unguja alituma majeshi akarudishwa, mji haukushikwa mpaka 1863 wakati wa mwanawe, Seyyid Majid. Boti nzima ikashangilia utadhani goli limeingia.

Ndo maana nikifika Mtangawanda sikuhitaji kumwelekeza mtu, habari zilishatangulia kwa simu. Mwenye bodaboda aliyenijia mbio alikuwa rafiki yangu wa chuo cha Kurani, tuliyekuwa tukichapwa pamoja kwa kucheka wakati wa kusoma, sasa ana ndevu zina mvi na watoto wakubwa. Nauli ya kwenda Siyu akakataa katakata. Njiani akasimama kwa fundi viatu, mwenzetu mwingine wa utotoni, bado anashona makubazi ya ngozi kama baba yake, akachukua kipande cha karatasi akapima mguu wangu hapohapo barabarani, akasema kesho yatakuwa tayari. Na kweli yakawa tayari, nimeyavaa sasa hivi naandika haya. Ya kwangu nililipa, tena kwa kumlazimisha.

Nyumba yetu sitaieleza sana, paa limeshuka na mpapai umeota sebuleni, una mapapai mazuri tu.

Boti naipa nyota nne, ya tano nitaongeza siku maboya yakikaa juu ya magunia. Kwa wanaotaka kwenda: mashukio ya Mtangawanda yana kina, boti inafika hata maji yakitoka, lakini mtu akikwambia anakupeleka mpaka Siyu yenyewe kwa chombo muulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, ule mkono wa bahari ni tope tupu maji yakipwa na mtakaa humo na mbu mpaka yarudi. Kurudi Amu ni alfajiri, nahodha hangoji mtu, mwachie namba yako usiku ule akupigie simu. Beba maji ya kunywa, beba kofia, na ujue majina ya babu zako wa pande zote mbili manake utaulizwa.