Basi la Accra kwenda Kumasi: wahi asubuhi, kaa upande wa kulia

Nimeipanda njia hii ya Ghana mara nne sasa, kila ninapofuata kente, kitambaa cha kufumwa kwa mkono, kule Bonwire karibu na Kumasi, na bado nachagua basi kuliko ndege. Ndege haimalizi hata saa moja, umefika na hujaona kitu. Kwa barabara ni kama kilomita 250. Weka saa tano au sita, na zaidi foleni ya kutoka Accra ikikukuta.

Nianze na kero. Tulipakia Circle, eneo la mabasi jijini Accra, na basi haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Safari ya mwisho nilifika saa 12:30 asubuhi, nikawa abiria wa tisa. Tuling'oka saa 3:15. Hakuna aliyekuja kutuambia neno. Palikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, joto lile, anabembeleza tu bila kujua ataondoka saa ngapi. Kwa nauli wanayotoza, hapana, si haki. Mzigo nao unalipiwa mbali, kwa hiyo uliza kabla hujakata tiketi.

Likishaondoka, mambo ni mazuri. Siti pana, mbili huku moja kule, na kiyoyozi kikali hasa, beba khanga ya kujifunika. Mhubiri alipanda akatuombea safari, basi zima likaitikia amina, akafuata muuza dawa za mgongo na maelezo marefu.

Nsawam usilale. Basi likipunguza mwendo tu, kina mama wa mikate hao, beseni kichwani. Mkate uko kwenye nailoni, bado una moto, mvuke umeganda kwa ndani. Ukiubonyeza unarudi wenyewe. Nilitoa noti ya sedi 20 pale mlangoni, na kabla sijapewa chenji basi likasogea. Yule mama alikimbia nalo, mkono mmoja umeshika beseni, mpaka akamfikishia konda chenji yangu yote. Tangu siku hiyo simpiti mtu wa Nsawam bila kununua.

Bunso mnashuka kula na kujisaidia. Kisha ndiyo faida ya siti ya kulia: mkikaribia Nkawkaw, milima ya Kwahu inasimama kama ukuta, msitu mpaka juu. Kando ya barabara wanauza ndezi waliokaushwa kwa moshi.

Zamani nilidhani Kumasi ni mji wa mkoani tu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 5,455,692 mkoa wa Greater Accra, na 5,440,463 mkoa wa Ashanti wenye Kumasi yake. Utaamini ukifika Ejisu, karibu kuingia Kumasi, basi linapoanza kujongea hatua kwa hatua.

Tulishukia Asafo, mjini Kumasi. Furushi langu lilitoka kwenye buti na fundo la kamba kama nilivyolifunga mwenyewe. Wenye basi nawapa nyota nne kati ya tano. Wakibandika saa ya kuondoka pale Circle na kuifuata, nitaongeza ya tano.