"Hizo za kwenye simu, zinazaa?": usiku wa vichekesho Area D, Dodoma

Nilikwenda Ijumaa ya pili ya Julai. Bunge la bajeti lilikuwa limeshaahirishwa, nyumba za wageni zimerudi kwenye bei zake za kawaida, na mji una ule utulivu ambao sisi wakazi tunaungoja tangu Aprili. Jirani yangu wa Kisasa ndiye aliyenunua tiketi, elfu kumi kila mtu kwa viti vya kawaida. Vya mbele vilikuwa elfu thelathini. Nilivaa sweta na juu yake nikajitanda khanga, maana upepo wa Dodoma wa Julai, jua likishazama, hauna huruma na mtu.

Tangazo lilisema saa moja na nusu usiku. Mchekeshaji alipanda jukwaani saa tatu kasoro dakika kumi. Muda wote huo tulipigiwa muziki mkubwa kiasi kwamba mimi na jirani yangu tulikuwa tunaongea kwa ishara. Inaniuma kulisema hili kwa onyesho nililolipenda, lakini mama aliyewaacha watoto na dada wa kazi anahesabu saa, na kumkalisha saa nzima na zaidi bila hata neno la pole ni kumkosea adabu.

Mtaani wanamwita "yule wa Kongwa", nami nitamwita hivyo hivyo. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, hana kofia ya ajabu wala suruali ya kuchekesha. Alisimama, akasubiri watu wanyamaze, kisha akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Nusu ya ukumbi ikaitikia kwa shangwe, nusu nyingine ikabaki inatazamana. Akawageukia wale waliotazamana: nyinyi mmekuja na wizara. Nami nilikuwa humo. Nilihamishiwa huku mwaka 2017, kazi yangu iko masijala, na baba watoto alibaki Temeke na duka lake la spea. Kumbe sehemu yote iliyofuata kijana alikuwa anaizungumzia nyumba yangu.

Alianza na treni. Zamani, alisema, mume akitoka Dar kwa basi akakupigia simu yuko Morogoro, mke wa Dodoma alikuwa na muda wa kwenda sokoni Majengo, kupika, kuoga, hata kusuka nywele upande mmoja. Tangu SGR ifike hapa mwaka 2024, akipiga simu kutoka Morogoro wewe ndiyo kwanza unachambua mchele, na hujamaliza kuuosha anabisha hodi. Akaigiza mke anayekimbia na sufuria mkononi, akaigiza mume aliyesimama mlangoni na mfuko wa samaki wa Feri waliokwisha kuyeyuka barafu. Tulicheka sana, na wanawake ndio tuliocheka zaidi.

Kisha maikrofoni ikakata. Ilikuwa inakoroma tangu mwanzo, na safari hii ikanyamaza kabisa. Fundi akaja mbio. Yule wa Kongwa akamwashiria kwa mkono arudi, akailaza maikrofoni juu ya kiti, akatoa simu yake mfukoni na kuiweka sikioni. Akaanza kuigiza mume na mke wanaozungumza usiku, mmoja Dar, mmoja Dodoma, mwaka wa saba wa kuishi hivyo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Watoto?"

"Wamelala."

"Haya."

"Eeh."

"Sawa."

"Basi sawa."

Halafu hakuna anayekata. Alikaa kimya, simu sikioni, akitazama sakafu. Mara akawa mke, akabadilisha simu kwenda sikio la pili. Mara akawa mume, akakuna goti. Pale tulipokuwa tunadhani amemaliza, akasema tena, kwa sauti ya chini, "Umekula lakini?" Ukumbi wa watu mia mbili na ushee ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mishikaki ikichomwa nje. Kicheko kilipokuja kilianzia kwa mama mmoja nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani.

Nimekwenda kwenye maonyesho kadhaa ya vichekesho, Dar na hapa. Nilikua nikimtazama marehemu King Majuto kwenye mikanda, na bado naamini hakuna aliyemfikia kwa kuchekesha kwa uso tu bila kufungua mdomo. Sijawahi kuona mchekeshaji akithubutu kukaa kimya muda ule. Ile simu ndiyo tunayopiga mimi na mume wangu kila siku saa nne usiku. Siku zote nilidhani ni mazungumzo yaliyokauka. Yeye alituonyesha watu wawili wasiotaka kuachana hewani, ambao maneno yamewaishia tu.

Kutoka hapo akaingia kwenye mahari. Alikwenda kuposa kijiji kimoja huko kwao, akiwa na mshenga na mjomba wake. Wazee wakataja idadi ya ng'ombe na mbuzi. Yeye, kijana wa mjini, akasema ng'ombe hana, lakini thamani yao anaweza kuituma sasa hivi kwa simu. Mzee mmoja, ambaye muda wote alikuwa kama amesinzia, akafungua jicho na kuuliza: "Hizo za kwenye simu, zinazaa?" Mjomba akakosa jibu, mshenga akaanza kueleza mambo ya riba, na mzee akauliza tena kama riba ina maziwa. Kipande hiki kimesukwa vizuri kwa sababu mzee ndiye mwenye akili humo ndani. Wachekeshaji wengi wanamleta mzee wa kijijini jukwaani ili achekwe. Huyu alimleta ili atushinde hoja, na akatushinda.

Na hapo ndipo alipogusa jambo ambalo sikulitegemea kabisa usiku ule. Kila mtu Tanzania anajua ule utani wanaotupiwa Wagogo, kwamba ni watu wa kuomba barabarani. Alisema wazi kwamba ameusikia tangu siku ya kwanza alipopanga chumba Dar. Kisha akasimulia alichosimuliwa na bibi yake, naye alisimuliwa na mama yake: Mtunya. Ni njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, hapakuwa na mifugo ya kuuza wala mikono ya kulima. Aliyasema haya kwa muda mfupi, bila kulia na bila kutuhubiria, kisha akamalizia kwa bibi yake, ambaye mpaka leo mgeni akiingia hamsalimii kwanza, anamuuliza, "Umekula?"

Neno lile lile la kwenye simu. Jirani yangu, ambaye ni Mgogo wa Mvumi, alinishika mkono na hakuuachia mpaka watu walipoanza kupiga makofi. Sisi tumekua na watani, tunajua kazi ya mtani msibani: yeye ndiye anayeruhusiwa kumvua marehemu kofia na kuwafanya wafiwa wacheke, na anaruhusiwa kwa sababu analijua kaburi linachimbwa wapi. Kijana huyu ana ruhusa hiyo. Anayetania njaa ya Wagogo bila kujua Mtunya hana.

Michezo ilikuja katikati, na naona ni sehemu aliyoipanga vizuri ili tupumue. Alituuliza wenyeji wa Dodoma: tuna timu, Dodoma Jiji, imepanda Ligi Kuu tangu 2020, inacheza hapa hapa Jamhuri. Inakuwaje akija Simba au Yanga uwanja mzima unavaa nyekundu au kijani, na Walima Zabibu wanakuwa wageni nyumbani kwao? Alimfananisha mtu wa namna hiyo na mume aliyeoa hapa lakini kila mwisho wa mwezi moyo unapanda basi kwenda Kariakoo.

Kuhusu watani wa jadi, alicheza kwa haki, nami kama mwana-Simba nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu. Zile tano kwa moja za tarehe 5 Novemba 2023 alizitaja, angewezaje kuacha. Lakini hakushangilia mabao. Alisimulia kundi la WhatsApp la ukoo wao jioni ile, wajomba wakijitoa mmoja mmoja kimya kimya, hadi shangazi aliyekuwa anakusanya michango ya kipaimara akajikuta amebaki na watu wa Yanga peke yao, akawaambia basi mchango wote walipe wao kwa kuwa wana furaha. Kisha akawageukia Yanga na fainali yao ya Kombe la Shirikisho, 2023 hiyo hiyo: wamefungwa mbili kwa moja na USM Alger hapa nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda moja bila, na kombe likabaki kule kwa bao la ugenini. Akaigiza mjukuu akimweleza bibi yake kwamba tumeshinda lakini kombe hatujapata. Bibi akafikiri, akamuuliza kama ni ile kesi ya shamba ambayo babu yake aliishinda na shamba likaenda. Mzee aliyevaa jezi ya kijani kiti cha mbele alicheka mpaka akavua miwani.

Sehemu ya maisha ya kisasa ndiyo dhaifu. Mikopo ya kwenye simu ilianza vizuri: yule anayekupigia kukudai, kisha anampigia mama mkwe wako, kisha mwalimu wa mtoto wako. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyepitia hayo na palikuwa na mengi ya kuchimba. Badala yake akarukia wasichana wanaotumiwa nauli na kutofika. Utani huo umezunguka kwenye simu zetu miaka nenda rudi, hauna jipya, na unamdhalilisha mtu ambaye hayupo kujitetea. Mtu aliyeweza kumpa mzee wa kijijini akili na heshima ana uwezo wa kumpa na yule binti heshima hiyo hiyo. Angemsikiliza tu, kama alivyomsikiliza bibi yake. Kuna dada mmoja wa kiti cha mbele pia aliyetaniwa kuhusu mwili wake. Alicheka na mdomo, lakini mimi nilikuwa pembeni na nilimwona akijifunika mtandio. Hilo aliache kabisa.

Kuhusu ukumbi wenyewe. Viti ni vya plastiki na vimebanana, mtu mwenye miguu mirefu atateseka. Safu za nyuma hazisikii vizuri maikrofoni ikiwa nzima, na nguzo mbili zinakata macho upande wa kulia, kwa hiyo kaa kushoto. Choo cha wanawake kilikuwa kimoja kwa umati ule, ila kilikuwa kisafi na kina maji muda wote, na mama aliyekuwa anakisimamia alikuwa mpole kwa kila mtu. Mishikaki ilikuwa ya mbuzi, laini, imeiva mpaka ndani, mia tano kijiti, na pilipili imesagwa na limao. Chipsi zilikuwa zimepoa. Juisi ya zabibu walituuzia elfu mbili glasi, tamu, imekamuliwa na si ya unga, nikanywa mbili pamoja na baridi ile.

Tulitoka saa tano kasoro. Bajaji zipo nje lakini wanajua huna pa kwenda, wanapandisha bei. Tembea kidogo mpaka barabara kubwa utapata kwa nauli ya kawaida. Niliingia nyumbani, watoto wamelala, nikampigia baba watoto ingawa saa yetu ilikuwa imeshapita. Akapokea haraka, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nikamsimulia yule mzee na ng'ombe wa kwenye simu. Tuliongea dakika arobaini. Sikumbuki mara ya mwisho lini.

Onyesho linarudiwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, ukumbi ule ule, na mlangoni walisema tiketi za kawaida zitabaki elfu kumi. Nimeshanunua mbili za upande wa kushoto. Moja ni ya baba watoto; tiketi yake ya treni kutoka Dar ni elfu thelathini na moja daraja la kawaida, na nimemwambia akifika Morogoro asipige simu, nitakuwa nimeshapika.